Waliowahi Bitcoin: wangapi kweli walitajirika?

Kuna hesabu inayozunguka sana kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram, kuanzia Mombasa hadi Mbeya. Inasema hivi: katikati ya mwaka 2010 Bitcoin moja, ile sarafu ya kidijitali, iliuzwa chini ya senti kumi za dola ya Marekani. Aliyenunua za dola 100 kwa bei ya senti nane alipata sarafu 1,250. Bei ilipofika dola 100,000 Desemba 2024, sarafu hizo zikawa na thamani ya dola milioni 125. Kisha hufuata swali la kumchoma msomaji: wewe ulikuwa wapi?

Kuzidisha na kugawanya hakuna kosa. Kasoro iko kwa mtu anayedhaniwa ndani ya hesabu hiyo, yaani mtu aliyenunua siku ile na kukaa miaka kumi na minne bila kuuza, bila kupoteza, bila kuibiwa na bila kuingiwa hofu. Mtu wa namna hiyo ni nadra mno. Hilo si la kubahatisha, kwa sababu wengi waliokuwa karibu na Bitcoin tangu siku za mwanzo wanajulikana kwa majina, na walichokifanya kimeandikwa. Naona ni muhimu kuwapitia watu hao mmoja mmoja, kwa kuwa hesabu hii ya 2010 ndiyo inayotumika kila siku kuwavuta vijana wetu watoe akiba zao kwa watu wasiowajua.

Jibu la moja kwa moja ni kwamba wapo waliokuwa mamilionea, tena wa dola, na wachache wakawa mabilionea. Lakini kuwahi peke yake hakukutosha, na kwa wengi hakukusaidia chochote.

Siku ambazo sarafu ziligawiwa bure

Mtandao wa Bitcoin ulianza kufanya kazi tarehe 3 Januari 2009. Aliyeubuni, ambaye hadi leo anajulikana kwa jina la Satoshi Nakamoto tu, aliweka kanuni kwamba kila baada ya dakika kumi hivi, kompyuta moja kati ya zote zinazoendesha mtandao huo ijipatie sarafu mpya 50. Ni malipo ya kazi ya kuhakiki miamala na kuiandika kwenye daftari la pamoja ambalo kila mtu anaweza kulisoma. Kazi hiyo ndiyo huitwa uchimbaji. Malipo hayo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka minne hivi: yalishuka hadi sarafu 25 Novemba 2012, na tangu Aprili 2024 ni sarafu 3.125. Jumla ya sarafu zote haitazidi milioni 21.

Kanuni hiyo ilizaa jambo ambalo watu wengi hawalifikirii. Nusu ya sarafu zote zitakazowahi kuwepo, yaani milioni 10.5, zilikuwa zimeshatoka kufikia mwisho wa Novemba 2012, wakati ambapo walioijua Bitcoin duniani walikuwa wachache sana. Kwa siku moja zilitoka takriban sarafu 7,200, na mwanzoni zilichimbwa kwa kompyuta za kawaida za nyumbani. Hakukuwa na mahali pa kuziuza, kwa hiyo hakuna aliyeziona kuwa mali. Mwaka 2010 Gavin Andresen, mmoja wa waandishi wa programu hiyo, alifungua tovuti iliyompa kila mgeni sarafu tano bure ili watu wapate cha kujaribia. Aligawa zaidi ya sarafu 19,000 kwa njia hiyo.

Sarafu tano! Kwa bei ya Desemba 2024 hizo ni dola nusu milioni, na zilikuwa za kuchukua tu. Waliozichukua wengi waliangalia jinsi zinavyotumwa kutoka kompyuta moja kwenda nyingine, wakaridhika, wakaendelea na mambo yao. Kwa hiyo kuingia mapema hakukuwa kugumu. Ugumu ulikuwa kubaki, na miaka ile hakukuwa na sababu yoyote ya kubaki.

Hal Finney ndiye mfano bora ninaoujua. Alikuwa mtaalamu wa mambo ya usimbaji, yaani kuficha ujumbe kwa hesabu, huko California, na ndiye mtu wa kwanza kutumiwa Bitcoin: Satoshi alimtumia sarafu 10 kwa majaribio Januari 2009. Alichimba kwa siku chache kisha akazima. Mwenyewe alieleza mwaka 2013 kwamba kompyuta yake ilikuwa ikipata moto na kelele za feni zilimkera. Baadaye alipogundua kuwa sarafu zake zimeanza kuwa na bei, alizihamishia mahali salama akiwawazia watoto wake. Lakini mwaka huohuo wa 2009 alikuwa ameshabainika kuwa na maradhi ya neva yanayolemaza mwili polepole, na sehemu ya sarafu ikauzwa ili kugharimia matibabu. Alifariki Agosti 2014, wakati sarafu moja ilikuwa na thamani ya takriban dola 500. Huyu alikuwa wa kwanza baada ya mbunifu mwenyewe.

Martti Malmi alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Finland alipoanza kumsaidia Satoshi kuandika programu mwaka 2009. Oktoba mwaka huo aliuza sarafu 5,050 kwa dola 5 na senti mbili, mojawapo ya mauzo ya kwanza kabisa ya Bitcoin kwa fedha halisi. Alikuwa amechimba zaidi ya 50,000 kwa kompyuta yake ya mkononi. Mwaka 2011 akauza kiasi cha 10,000 na kununua nyumba ndogo ya chumba kimoja, kisha nyingi ya zilizobaki akaziuza kwa bei ya chini. Kijana aliyemaliza masomo na kujipatia nyumba yake bila mkopo wa benki ana haki ya kufurahi. Lakini hakuishia kuwa milionea, ingawa aliwahi kuliko karibu kila mtu duniani.

Na yupo Laszlo Hanyecz wa Florida, ambaye tarehe 22 Mei 2010 alilipa sarafu 10,000 kwa pizza mbili. Watu humsimulia kana kwamba alikuwa mjinga. Mimi sikubaliani kabisa. Wakati ule sarafu 10,000 zilikuwa na thamani ya dola 41 hivi, na alikuwa akizichimba kwa wingi kwa sababu alikuwa miongoni mwa wa kwanza kutumia kadi ya michoro ya kompyuta kwa kazi hiyo. Alitaka kuonyesha kwamba kitu hiki kinaweza kununua chakula. Bila mtu wa kukubali kuitumia, Bitcoin isingepata bei kamwe, na hao wanaomcheka wasingekuwa na hesabu ya kuzungusha. Hata kijana wa California aliyepokea sarafu hizo na kumwagizia pizza hakukaa nazo, alizitumia.

Kuporomoka kwa bei

Anayetazama mchoro wa bei leo huona mstari unaopanda. Aliyeishi ndani yake aliona kitu kingine. Februari 2011 sarafu moja ilifika dola moja. Juni mwaka huohuo ikafika dola 32 hivi, na kabla mwaka haujaisha ikawa dola mbili. Aprili 2013 ilipanda hadi dola 266, na ndani ya siku chache zaidi ya nusu ya bei hiyo ikayeyuka. Mwisho wa 2013 ilipita dola 1,100. Januari 2015 ilikuwa karibu na dola 200. Desemba 2017 ilikaribia dola 20,000, mwaka mmoja baadaye ikawa dola 3,200. Novemba 2021 ilifika dola 69,000, na Novemba 2022 ikawa chini ya dola 16,000.

Sasa mfikirie mtu mwenye sarafu 1,000 alizonunua kwa dola 1,000 mwanzoni mwa 2011. Miezi minne baadaye ana dola 30,000. Kila mtu mwenye akili timamu aliye karibu naye atamwambia auze, na ushauri huo ni mzuri. Asipouza, kabla ya mwisho wa mwaka anabakiwa na dola 2,000, na ataonekana mpumbavu hadi 2013. Novemba 2013 anakuwa milionea kwa mara ya kwanza. Hali hiyo inadumu wiki chache tu. Baada ya hapo anatazama utajiri wake ukishuka hadi dola laki mbili, na anasubiri hadi mwaka 2017 ndipo urudi. Katika miaka hiyo yote ana kodi ya nyumba, ana mtoto anayeanza shule, ana mzazi anayeugua. Ili afike Desemba 2017 akiwa na sarafu zote 1,000, ilimpasa akatae nyumba, akatae gari, akatae kila kitu ambacho fedha hutafutiwa.

Ndiyo maana nasema aliyeuza mapema hakukosea. Hakuna aliyejua mwaka 2011 kwamba bei itarudi. Kitu kilichoporomoka kutoka 32 hadi mbili, mara nyingi hakiinuki tena. Sarafu nyingine nyingi za miaka hiyo zilikufa hivyohivyo. Mwaka 2014, kwa mfano, ilizinduliwa sarafu iliyoitwa Auroracoin, na kila raia wa Iceland akaahidiwa sarafu 31.8 bure. Bei ilipaa kabla ya mgawo kuanza, kisha ikaanguka kwa miezi michache tu. Waliowahi Auroracoin waliwahi kwelikweli, na hawakupata kitu. Tunapowaita watu wa Bitcoin "waliowahi" tunafanya hivyo kwa sababu tumeshaona mwisho. Wao wenyewe walikuwa watu waliojaribu kitu kimoja kati ya vingi visivyojulikana.

Ufunguo, soko na mahakama

Bitcoin haina tawi la benki la kwenda na kitambulisho ukaomba kubadilishiwa nywila. Anayemiliki sarafu ni yule mwenye ufunguo wa siri, ambao ni mfuatano mrefu wa namba. Ukipotea, sarafu zinaendelea kuonekana kwenye daftari la pamoja, kila mtu anaziona, na hakuna anayeweza kuzigusa. Kampuni ya uchunguzi ya Chainalysis ilikadiria mwaka 2017 kwamba kati ya sarafu milioni 2.78 na milioni 3.79 zilikuwa zimepotea kwa namna hiyo. Nyingi ni za miaka ya mwanzo, maana ndipo watu walipozihifadhi kwa uzembe kama faili zisizo na thamani.

James Howells wa Newport, Wales, alichimba sarafu takriban 8,000 mwaka 2009. Diski yenye ufunguo ilikaa kwenye droo hadi 2013, ikatupwa kwa bahati mbaya na kuishia kwenye dampo la jiji. Kwa zaidi ya miaka kumi ameomba ruhusa ya kulichimbua dampo hilo, na Januari 2025 Mahakama Kuu ikaitupa kesi yake. Stefan Thomas, mwandishi wa programu, alilipwa Bitcoin mwaka 2011 kwa kutengeneza video ya kuieleza, na akabakiwa na sarafu 7,002 kwenye kifaa kinachojifunga kabisa baada ya nywila kukosewa mara kumi. Karatasi aliyoiandikia nywila ilipotea. Taarifa zake zilipotangaa mwaka 2021 alikuwa ameshajaribu mara nane. Thomas hakuwa maskini hata hivyo: alifanya kazi ya juu kwenye kampuni kubwa ya sekta hiyohiyo, na kazi ndiyo iliyompa fedha ambazo sarafu zilimnyima.

Walioogopa kukaa na ufunguo wenyewe waliacha sarafu zao kwenye masoko ya mtandaoni ya kuziuza na kuzinunua, na soko kubwa lilikuwa Mt. Gox la Tokyo. Lilianza shughuli za Bitcoin mwaka 2010, na kufikia 2013 sehemu kubwa ya biashara ya Bitcoin duniani ilipita hapo. Februari 2014 lilifunga milango na kutangaza kwamba sarafu kama 850,000 hazionekani, nyingi zikiwa za wateja. Baadaye 200,000 zilipatikana kwenye pochi ya kidijitali ya zamani. Hebu fikiria ukubwa wa jambo hilo: waliowahi Bitcoin, wakafanya uamuzi wa kubaki nayo, wakavumilia misukosuko ya 2011 na 2013, wakajua kwa pamoja kwamba wameibiwa.

Kilichowapata baadaye ndicho kinachonishangaza kuliko yote katika historia hii. Kesi ya kufilisika iliendelea kwa miaka kumi, na malipo ya sarafu yakaanza Julai 2024. Madai yao yalikuwa yamethaminiwa kwa bei ya 2014, chini ya dola 500 kwa sarafu moja. Siku walipolipwa sarafu moja ilizidi dola 50,000. Tuseme mtu alirudishiwa moja tu kati ya kumi alizokuwa nazo. Hiyo moja ilikuwa na thamani ya zaidi ya mara mia ya sarafu moja siku soko lilipofungwa, yaani zaidi ya mara kumi ya thamani ya zote kumi siku hiyo. Baadhi yao wametajirika kwa sababu sheria iliwazuia wasiuze. Kama wangeachiwa sarafu zote mikononi, ni wangapi wangekaa nazo hadi 2024? Naamini wachache.

Wengine waliishia mahakamani. Charlie Shrem alikuwa na kampuni ya kuuza Bitcoin huko New York akiwa kijana wa miaka ishirini na kidogo, na Desemba 2014 alihukumiwa kifungo cha miaka miwili kwa makosa yanayohusiana na fedha zilizokwenda kwenye soko la dawa za kulevya la Silk Road. Ross Ulbricht, mwendeshaji wa soko hilo, alikamatwa Oktoba 2013 na serikali ya Marekani ikachukua sarafu zake zaidi ya 140,000. Alihukumiwa kifungo cha maisha, akasamehewa Januari 2025. Sarafu zilizotoka Silk Road zilipigwa mnada na serikali, na katikati ya mwaka 2014 mwekezaji Tim Draper alinunua karibu 30,000 kwa mara moja.

Basi waliotajirika ni akina nani?

Draper anatufikisha kwenye kiini cha suala. Alikuwa tajiri mkubwa kabla hajanunua sarafu hata moja. Ndugu wawili Cameron na Tyler Winklevoss, wanaotajwa kuwa miongoni mwa mabilionea wa kwanza wa Bitcoin mwaka 2017, walianza kununua mwaka 2012 kwa fedha walizotoa kwenye malipo ya dola milioni 65 waliyokubaliana na Facebook mwaka 2008. Aprili 2013 walitangaza kuwa na Bitcoin za takriban dola milioni 11. Bei ilipoanguka hawakulazimika kuuza ili wale. Hiyo ndiyo tofauti yao na Malmi wa Finland, na ni tofauti kubwa kuliko ya ujasiri au akili. Mwenye fedha za ziada anaweza kusahau sarafu kwa miaka saba. Mwenye mshahara mmoja hawezi.

Kundi la pili ni la waliofungua biashara. Brian Armstrong alianzisha Coinbase mwaka 2012, na ilipoingia soko la hisa la Marekani Aprili 2021 hisa zake katika kampuni hiyo zikawa na thamani ya mabilioni ya dola. Changpeng Zhao aliuza nyumba yake ya Shanghai mwaka 2014, akanunua Bitcoin kwa dola 600 hivi, na kuitazama ikishuka hadi 200. Utajiri wake mkubwa ulitoka Binance, soko alilolianzisha 2017, ambalo hutoza ada kila mtu anaponunua na kila anapouza, awe amepata faida au hasara. Naye alikiri kosa mbele ya mahakama ya Marekani Novemba 2023 na kutumikia miezi minne gerezani. Vitalik Buterin alianza mwaka 2011 akilipwa sarafu tano kwa kila makala aliyoandika kuhusu Bitcoin. Jina na mali alivipata kwa kubuni Ethereum, mtandao mwingine wenye sarafu yake. Waliomwamini katika mauzo ya kwanza ya Ethereum kati ya Julai na Septemba 2014 walilipa chini ya nusu dola kwa sarafu ambayo Novemba 2021 ilipita dola 4,800. Humo wamo mamilionea wa kweli, ila nao waliingia humo wakiwa tayari na Bitcoin za kulipia.

Halafu lipo kundi la tatu, la watu wa kawaida waliochimba au kununua, wakauza kidogokidogo na kubakiza nyingine, na leo wanaishi vizuri bila kujitangaza. Wapo, sina shaka nao. Mtu aliyebaki na sarafu 10 tu tangu 2011 alikuwa milionea wa dola siku bei ilipogusa 100,000. Daftari la pamoja linaonyesha anwani, yaani namba ambazo sarafu huandikwa chini yake, zipatazo 150,000 zenye sarafu 10 au zaidi. Tatizo ni kwamba anwani si mtu. Anwani moja ya soko kubwa hushikilia sarafu za wateja maelfu kwa maelfu, mtu mmoja huweza kuwa na anwani hamsini, na nyingine ufunguo wake uko chini ya taka kama ule wa Howells. Satoshi mwenyewe anakadiriwa kuwa alichimba takriban sarafu milioni moja, zimetawanyika kwenye anwani maelfu na karibu zote hazijawahi kuguswa, ukiacha chache za majaribio kama zile za Finney. Aliyewahi kuliko wote, kwa kadiri daftari linavyoonyesha, hajajinufaisha hata kwa senti ya mali hiyo.

Kwetu Afrika Mashariki njia ya kutokea ilikuwa nyembamba zaidi. Kampuni ya BitPesa ilianza Nairobi mwaka 2013, na kwake Bitcoin ilikuwa barabara ya kupitishia fedha kutoka nchi moja kwenda nyingine: sarafu zilinunuliwa upande mmoja na kuuzwa upande wa pili, na mteja akapokea shilingi. Hakuna aliyekusudia kuzikalia. Benki Kuu ya Kenya ilitoa onyo kwa umma Desemba 2015, na Benki Kuu ya Tanzania ikatangaza Novemba 2019 kwamba sarafu hizi hazitambuliki kisheria nchini. Mwenye sarafu zake alilazimika kutafuta mtu wa kubadilishana naye mkono kwa mkono, kwa fedha ya simu, akiomba asitapeliwe.

Waliokuja nyuma, na waliouziwa hewa

Takwimu ninayotamani kila kijana aisikie inatoka Benki ya Malipo ya Kimataifa, ile yenye makao Basel, Uswisi, inayohudumia benki kuu za dunia. Mwaka 2022 watafiti wake walichunguza upakuaji wa programu za masoko ya sarafu katika nchi 95 tangu 2015. Wakakadiria kwamba karibu robo tatu ya watumiaji walipata hasara kwenye Bitcoin. Sababu haikuwa uchawi. Watu wengi huingia bei inapopanda, kwa sababu ndipo habari zinaposikika, na wakati huohuo wenye sarafu nyingi za zamani huwa wanauza. Faida ya aliyewahi hulipwa na fedha ya aliyechelewa, na hapo hatujazungumzia utapeli bado.

Utapeli wenyewe ulijengwa juu ya hamu ya kuwahi. OneCoin ilianzishwa Sofia, Bulgaria, mwaka 2014 na Ruja Ignatova pamoja na Karl Sebastian Greenwood. Hoja yao ilikuwa rahisi kueleweka: Bitcoin imekupita, sasa hii hapa nyingine, na safari hii wewe ndiye wa kwanza. Waliuza vifurushi vya masomo vilivyoambatana na sarafu, na mnunuzi alilipwa kamisheni kwa kuleta wanunuzi wengine. Juni 2016 Ignatova alipanda jukwaani kwenye ukumbi wa Wembley, London, mbele ya maelfu ya watu na kuwaahidi kwamba Bitcoin itasahaulika. Waendesha mashtaka wa Marekani wanasema zaidi ya watu milioni tatu walitoa takriban dola bilioni nne. Walikuwemo Waganda waliouza mali za familia ili wanunue vifurushi, na waliowaingiza mara nyingi walikuwa jamaa na marafiki walioamini kwa dhati kwamba wanawafungulia wenzao mlango.

Linganisha na mwaka 2010. Andresen alikuwa akigawa sarafu tano bure, hakuna aliyelipwa kwa kumleta jirani, na daftari lilikuwa wazi: hadi leo yeyote mwenye intaneti anaweza kulifungua na kuziona sarafu 10,000 za Hanyecz zikihama tarehe 22 Mei. OneCoin haikuwa na daftari la namna hiyo. Bei iliyopanda kila wiki iliandikwa na kampuni yenyewe kwenye skrini, na mteja alipotaka kuuza, mahali pa kuuzia palikuwa mikononi mwa kampuni hiyohiyo, hadi pakafungwa kabisa Januari 2017. Miezi tisa baadaye Ignatova alipanda ndege kutoka Sofia kwenda Athens na hajaonekana hadharani tangu siku hiyo. Greenwood alihukumiwa miaka 20 gerezani huko New York Septemba 2023, na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani imeweka zawadi ya hadi dola milioni 5 kwa taarifa zitakazowezesha Ignatova kukamatwa.